Maua meusi ya Gzhel

Juma lililopita tuliwaahidi habari za safari yetu ya Urusi. Tulikwenda wawili kumwona binti yetu anayesoma Moscow, katika chuo kikuu chenye jina la Lumumba wetu. Siku moja akatupeleka kwa treni hadi Gzhel, kwa wafinyanzi, kilomita 60 hivi kutoka mjini.

Udongo wa huko ni mzuri, na sifa yake ni ya zamani. Mwaka 1663 mfalme Alexei aliagiza uletwe kwa kufinyanga vyombo vya dawa. Leo vyombo vya Gzhel vinajulikana kwa rangi mbili, nyeupe na bluu.

Katika karakana karibu wachoraji wote tuliowakuta ni wanawake. Lakini maua waliyochora yalikuwa meusi! Tukadhani tumepotea njia. Kumbe rangi ya kobalti ikipakwa ni nyeusi. Kisha chombo kinachovywa ndani ya uji mweupe unaofunika mchoro wote, kinaingia tanuru lenye joto la digrii zaidi ya 1,300. Kikitoka, ndipo bluu inaonekana. Kwa hiyo mama anayechora haoni bluu yake anapofanya kazi. Anapima kwa mkono tu: rangi nyingi italeta bluu ya usiku, kidogo italeta bluu ya asubuhi.

Kabla ya kuchora, chombo kinatiwa katika maji mekundu. Penye ufa ambao jicho halikuuona, mstari mwekundu unatokea, na chombo hicho kinawekwa kando. Wekundu wenyewe unaungua motoni. Sisi wenye kununua sahani sokoni kwa kuzigonga-gonga kidole, tulitazamana.

Ufundi huu ulikaribia kupotea. Baada ya vita kuu ya pili, mama mchoraji Natalia Bessarabova alitafuta michoro ya wazee, akaipanga kama alfabeti, akawafundisha mafundi wa Gzhel jinsi ya kushika burashi.

Nasi tulipewa kikombe kimoja kimoja. Fundi alituonyesha waridi mara tatu, bila haraka, kama mama anayemfundisha mtoto kusuka. Tuliviacha vikombe vichomwe. Juzi binti ametuma picha: kimoja kina waridi la bluu safi. Kingine, cha yule kati yetu aliyepaka rangi nyingi akisema haionekani vizuri, ni doa jeusi tupu. Anakitaka vilevile.