Kutangulia Si Kufika: Jinsi ya Kusahihisha Mapigo ya Ngoma kwa Kompyuta

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Methali hii twaijua sote kwa ajili ya insha, lakini hata katika ngoma ina kazi yake. Mpigaji akiwatangulia wenzake kwa kitambo kidogo tu, hata kufumba na kufumbua ni kirefu, huwa hajafika popote. Amewavuruga wenzake, na wachezaji miguu yawapotea.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi pigo kama hilo linavyoweza kusahihishwa ndani ya kompyuta baada ya ngoma kurekodiwa. Pia nitaeleza jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa zaidi, nalo ni jinsi ya kujua pigo lipi ni kosa na lipi si kosa.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili limetushughulisha. Kikundi chetu cha ngoma kilirekodi sengenya pamoja na wazee wa hapa Shimoni wanaotufundisha. Kwa wale wageni, sengenya ni ngoma ya Wadigo na Waduruma. Huchezwa kwa ngoma kadhaa, nzumari na upatu. Tulipata dakika nne nzuri sana, ila tuliposikiliza tukahesabu mahali kumi na mamoja ambapo chapuo lilionekana kutoka nje ya mwendo.

Utauliza, mbona msirudie tu? Wapigaji wawili ni wavuvi. Upepo wa kusi ulikwisha, bahari ikatulia, nao wakaenda zao dago na vyombo vyao. Kurudi ni majaaliwa. Tena rekodi hiyo si ya kujifurahisha. Wanafunzi wapya ndiyo watakayosikiliza wakijifunza kupiga wakati wazee hawapo. Kwa hivyo rekodi hii ni mwalimu, na mwalimu akikosea darasa zima hukosea.

TRAKI NYINGI NI NINI?

Zamani ngoma ilirekodiwa kwa maikrofoni moja. Katika miaka ya 1950 mtafiti Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki akirekodi nyimbo na ngoma kwa njia hiyo. Kazi yake ilikuwa kubwa na ingali inahifadhiwa Afrika Kusini. Lakini katika rekodi ya namna ile sauti zote zimeingia pamoja kama chumvi ndani ya mchuzi. Ukishakoroga, huwezi tena kuitoa chumvi peke yake.

Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ya Marekani ilimtengenezea mpiga gitaa Les Paul mashine ya kurekodi traki nane kwenye utepe mmoja. Traki ni kama mistari ya uwanja wa riadha. Kila mkimbiaji ana mstari wake, lakini wote wanakimbia kwa wakati mmoja. Enzi hizo aliyetaka kusahihisha pigo alikata utepe kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Siku hizi kazi hiyo inafanywa kwa programu za kompyuta. Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, haiuzwi, na ndiyo tunayotumia sisi. Ziko pia REAPER na Pro Tools, ambazo zina vifaa vya kutafuta mapigo zenyewe.

Sisi tulitumia maikrofoni sita: moja ya chapuo, moja ya msondo, moja ya vumi, moja ya upatu, moja ya nzumari, na ya sita tuliining'iniza juu ili isikilize kundi zima. Kwa hivyo tukawa na traki sita.

HESABU KIDOGO

Msikimbie jamani, hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme ngoma yaenda kwa mapigo makuu 100 kwa dakika. Dakika ina sekunde 60, kwa hivyo kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 0.6. Kompyuta hupenda kuhesabu kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi pigo hadi pigo ni milisekunde 600.

Mapigo mawili yakipishana kwa milisekunde tano au kumi, ni nadra mtu kushtuka. Yakipishana kwa hamsini au sitini, hata mtoto atageuza shingo. Kompyuta nayo huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa kipimo kile kile cha CD. Kwa hivyo ndani ya milisekunde 60 tu kuna vipimo 2,646. Nafasi ya kufanyia kazi ipo tele.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba sauti husafiri. Mita moja huichukua karibu milisekunde 3. Chapuo likipigwa, maikrofoni yake hulisikia mara moja, lakini maikrofoni ya msondo iliyo mita mbili kando hulisikia pia, kwa sauti hafifu, milisekunde 6 baadaye. Hapa ndipo penye mtego, kama utakavyoona.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, tengeneza nakala. Rekodi ya asili iweke kando, ikiwezekana kwenye flashi mbili, usiiguse kabisa. Na kwa vile stima ya kwetu hupotea bila kuaga, hifadhi kazi yako kila baada ya dakika chache.

Pili, sikiliza kabla ya kuangalia. Kioo cha kompyuta kitakuchorea mawimbi, na macho yatakuambia kila kitu kimepinda. Fumba macho, sikiliza, na kila mahali sikio linaposhtuka andika dakika na sekunde yake daftarini.

Tatu, mtafute anayeshika saa. Katika bendi ya gitaa huenda ikawa ni metronomu masikioni mwa wapigaji. Katika ngoma yetu ni upatu. Mpiga upatu harembi wala hapambi, yeye hugonga tu mwendo, na wengine wote humsikiliza. Pima umbali wa kila pigo kutoka kwa upatu. Usiupime kutoka kwenye mistari iliyochorwa na kompyuta.

Nne, kata. Mkato uwe kwenye ukimya ulio kabla tu ya pigo. Ukikata katikati ya pigo utasikia "tak!" kama mtu aliyevunja kijiti.

Tano, sogeza. Hapa inabidi tutofautishe mambo mawili. Ikiwa mpigaji ni mmoja, kama yule wa seti ya ngoma za kizungu mwenye maikrofoni nane mbele yake, kata traki zote nane mahali pamoja na uzisogeze zote kwa pamoja. Ukisogeza moja tu, pigo moja litasikika mara mbili, au mawimbi yatauana na ngoma itoe sauti ya debe tupu.

Lakini katika sengenya wapigaji ni wengi. Ukisogeza traki zote, utakuwa umemsogeza na yule wa upatu ambaye hakukosea. Ukisogeza chapuo peke yake, lile chapuo hafifu lililoingia kwenye maikrofoni ya msondo litabaki pale pale, kama kivuli kisichomfuata mtu wake. Ufanyeje basi? Njia ni mbili.

Njia ya kwanza: ikiwa wakati ule vumi na msondo vinanguruma kwa nguvu, kivuli kitafunikwa. Sogeza chapuo peke yake, kisha usikilize vizuri.

Njia ya pili: ikiwa kivuli kinasikika, tafuta mzunguko mwingine wa ngoma hiyo hiyo uliopigwa sawasawa. Unakili wote katika traki zote sita, kisha uuweke badala ya ule wenye kosa. Ngoma yetu hurudia mzunguko wake, kwa hivyo jambo hili lawezekana, mradi nzumari iwe imenyamaza katika mizunguko yote miwili. La sivyo utasikia nzumari ikikatwa neno katikati.

Sita, ziba pengo. Pigo lililotangulia likirudishwa nyuma, mbele yake hubaki tundu la ukimya mtupu, na ukimya mtupu haupo duniani. Hapa kwetu daima kuna upepo kwenye makuti na bahari kwa mbali. Chukua kipande kidogo cha ukimya wa pale pale uwanjani, ujazie tundu, na kwenye maungio uache sauti moja ififie huku nyingine ikiingia kwa milisekunde chache. Mshono mzuri hauonekani.

KOSA AU MTINDO?

Sasa nafika kwenye kiini cha makala yangu. Katika programu nyingi kuna amri moja inayonyoosha mapigo yote kwa mpigo mmoja. Ukibonyeza tu, kila pigo hurukia mstari ulio karibu nalo. Baadhi ya wenzetu kikundini walisema, "Kwa nini tuhangaike siku tatu na jambo la sekunde moja?" Tukakubaliana kufanya jaribio kwenye nakala, kwa programu yenye amri hiyo, kisha tumsikilizishe mzee mmoja anayetufundisha.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Wanangu," akasema, "hii si yetu. Hii yaenda kama askari wa gwaride. Mbona mumeiondoa maringo?"

Tukaenda kutafuta hayo maringo yako wapi. Tulipima chapuo katika mizunguko ishirini isiyo na kasoro. Ajabu ni kwamba karibu kila mara lilikuja nyuma ya upatu kwa milisekunde 20 hivi, mahali pale pale pa mzunguko. Hilo si kosa. Mkono wa mtu haukosei mara ishirini kwa kipimo kimoja. Basi tukajiwekea kanuni hii: kosa huja ovyo, mtindo hurudi mahali pake. Pigo lililotoka mara moja tu lichunguze. Pigo linalotoka kila mzunguko liheshimu.

Sababu ya pili ni ya hesabu tena. Mistari ya kompyuta mara nyingi hugawa pigo kuu mafungu manne. Kwa ngoma yetu ya milisekunde 600, mistari itakuwa kwenye 0, 150, 300 na 450. Lakini ngoma za pwani hupenda kuchanganya mbili na tatu. Aliyegawa pigo mafungu matatu hupiga kwenye 0, 200 na 400. Amri ya kunyoosha italivuta la 200 hadi 150 na la 400 hadi 450. Mpigaji hakukosea hata chembe, lakini kompyuta imembadilishia ngoma yake ikawa nyingine!

Wala si sisi pekee tulioliona hili. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alipotengeneza mashine yake ya ngoma, LM-1, aliipa uwezo wa kunyoosha mapigo, lakini pia uwezo wa kuyachelewesha kidogo ili yasiwe makavu. Huko Detroit, mtayarishaji J Dilla, aliyefariki mwaka 2006, alisifika kwa kuyaacha mapigo yake bila kuyanyoosha, na hadi leo wanamuziki wanamuiga.

Tuliporudi kwenye orodha yetu ya mahali kumi na mamoja tukiwa pamoja na mzee, alituambia matano si makosa hata kidogo. Ni ishara. Mpiga chapuo hutangulia makusudi ili wachezaji wajue kwamba mtindo wa miguu unabadilika. Lau tungeyasahihisha, wanafunzi wapya wangejifunza ngoma isiyokuwa na ishara, halafu wachezaji wangegongana uwanjani na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Yakabaki makosa sita. Manne tulisogeza chapuo peke yake, na mawili tulibadilisha mzunguko mzima. Katika lile baya zaidi chapuo lilikuwa mbele ya upatu kwa milisekunde 40. Hatukulisogeza milisekunde 40 ili lilingane na upatu. Tulilisogeza 60, likakaa 20 nyuma ya upatu, kwa sababu hapo ndipo mwenyewe hukaa siku zote.

MANENO YA MWISHO

Nawashauri wenzangu mnaorekodi kwaya, taarabu au ngoma za tamasha mambo haya. Weka rekodi ya asili. Andika daftarini kila ulichobadilisha, ili anayekuja baada yako ajue kilichopigwa na mkono na kilichopangwa na kompyuta. Na kabla ya kusahihisha, muulize mwenye ngoma. Kompyuta yajua pigo liko wapi, lakini kwa nini liko hapo anajua aliyelipiga. Hao wazee hawatakuwa nasi milele, na swali ambalo hukumuuliza mzee leo, kesho hutapata programu ya kulijibu.

Kwa haya machache naomba nitie nanga hapa.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu