Ndugu wa Mafuta ya Makonyo

Wanangu, msimu wa karafuu ukifika Pemba, majamvi hutandazwa uani hadi kando ya barabara, na watoto hukaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Makonyo hayatupwi. Hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, yakapikwa kwa mvuke mpaka yatoe mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali moja, eujenoli. Ndiyo ile harufu inayong'ang'ania vidoleni hata ukishanawa.

Eujenoli ina ndugu. Kuna safroli ya mti wa sasafrasi wa Marekani, miristisini ya kungumanga, na methili-eujenoli iliyomo kidogo kwenye mrehani. Zote zina pete ya kaboni sita na mkia mfupi wa kaboni tatu. Je, mwilini nazo ni sawa?

Swali la kama kemikali zinazofanana hutenda sawa mwilini lilianzia kwenye utafiti wa saratani ya ngozi. Mwaka 1915, huko Japani, Yamagiwa na Ichikawa walieleza jinsi walivyopaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, miezi kwa miezi, hadi saratani ikaota. Baadaye wataalamu wa Uingereza walipaka kemikali za namna ya zile zilizomo kwenye lami, mojamoja, kwenye ngozi ya panya. Nyingine zilikuwa kali, nyingine hazikufanya kitu, ilhali zinafanana mno.

Kwa ukoo wa karafuu, kazi hiyo waliifanya James na Elizabeth Miller, mume na mke wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, pamoja na wenzao. Mwaka 1983 walitoa matokeo: panya wachanga waliodungwa safroli au methili-eujenoli waliota uvimbe wa ini. Eujenoli na miristisini hazikuleta uvimbe huo.

Na tofauti ya eujenoli na methili-eujenoli ni kaboni moja na haidrojeni mbili tu! Sikilizeni hapa, maana ndipo utamu ulipo. Eujenoli ina oksijeni na haidrojeni zilizochomoza pembeni kama mpini wa kata. Mwili huushika mpini huo, ukaifunga eujenoli pamoja na sukari, ikatoka kwa mkojo. Kwenye methili-eujenoli mpini umezibwa. Ini huugeukia ule mkia, na kinachozaliwa hapo hunasa kwenye vinasaba vya seli na kuviharibu.

Marekani iliipiga marufuku safroli kwenye vyakula mwaka 1960. Eujenoli bado hutumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu. Ila chupa ya mafuta ya karafuu msiiguse bila mkubwa: mtoto akiyanywa, yanaweza kumharibu ini.