Idi Amin na Raga: Stori Tamu, Ila...

Basi letu la Mpanda lilisimama Ipole, pale barabara ya kutoka Tabora na Sikonge inapogawanyika, moja ikienda Mpanda na nyingine ikishika Rungwa hadi Mbeya. Abiria tukashuka kunyoosha miguu na kutafuta chai. Kijana mmoja, simu mkononi, akaanza kutupa stori.

“Mnajua Idi Amin alikuwa mchezaji wa raga wa kimataifa? Mwaka 1955 alikaa benchi dhidi ya Lions wa Uingereza!”

Mzee mmoja mwenye baraghashia akaweka kikombe chini. “Mjukuu wangu, sisi tulicheza naye mwaka 1979. Hakungoja hata mapumziko.”

Tukacheka mpaka basi. Lakini msomaji wangu, ile stori ilinikaa kichwani, maana hata mimi nilishawahi kuisimulia, tena kwa mbwembwe.

Sehemu yake ni kweli. Amin aliingia jeshi la KAR mwaka 1946 akiwa msaidizi wa mpishi. Lilikuwa jitu la zaidi ya mita 1.9, bingwa wa ndondi wa Uganda kuanzia 1951 hadi 1960, na alicheza raga kwenye klabu ya Nile ya Jinja, kule mbele kwenye kusukumana. Na mechi nayo ilikuwepo. Lions walikuwa wanarudi kwao kutoka Afrika Kusini, ambako mechi nne kubwa ziliisha mbili kwa mbili. Wakapitia Nairobi, na tarehe 28 Septemba 1955 wakacheza na timu ya Afrika Mashariki kwenye uwanja mpya wa barabara ya Ngong. Wageni walishinda 39 kwa 12.

Ila Amin hakuwepo. Kikosi kilikuwa cha Wazungu watupu. Na hilo benchi analokalishwa na wasimulizi lisingekuwa na kazi: raga ya siku hizo haikuwa na kubadilisha mchezaji. Ukiumia, wenzako wanabaki kumi na wanne. Sheria ya kuruhusu mbadala kwa aliyeumia ilikuja mwaka 1968.

Kumbuka pia Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Maelfu ya watu walikuwa kambini kwa sababu ya Mau Mau. Amin mwenyewe alipelekwa Kenya na KAR, lakini kupigana, si kucheza mpira.

Sasa mtu atasema, kwani kuna ubaya gani, si stori tu? Mimi naona upo. Ukishamvalisha jezi, anageuka kichekesho, jamaa fulani mkubwa anayependa michezo. Huyu ndiye aliyepindua serikali Januari 1971, akawafukuza Waasia mwaka 1972 kwa kuwapa siku 90. Machi 1974 aliwataliki wake zake watatu kwa mpigo, tangazo likasomwa redioni. Mmoja wao, Kay, alikutwa amekufa Agosti mwaka huohuo, mwili umekatwakatwa. Wewe dada unayesoma hapa, fikiria kusikia talaka yako redioni. Oktoba 1978 majeshi yake yakavamia Kagera, na nyumba nyingi za Tanzania bado zina mtu wa kumkumbuka.

Tulipopanda tena basi, kijana akahama kiti, akakaa jirani na mzee. Nyuma yao nilikuwa nimetega sikio, nikiri tu.

“Shikamoo mzee. Kwa hiyo Amin ulimwona kwa macho?”

“Marahaba. Aa, sikumwona. Tulipoingia Kampala, Aprili 11, alikuwa ameshakimbia.”

“Sasa mbona ulisema mlicheza naye?”

Mzee akacheka, akavuta baraghashia yake mpaka kwenye nyusi.

“Na wewe mbona ulisema alikaa benchi?”