Juu na Chini ya Ligi: Ubishi wa Mpira Nyamasaria

Nyamasaria, mashariki ya mji wa Kisumu, ni mahali pajulikanapo na kila msafiri, kwa kuwa barabara kuu iendayo Ahero na Nairobi hupitia hapo. Kwa wapenda mpira mahali hapa pana maana nyingine pia. Mtu akielekea magharibi, mara afika mjini Kisumu, ambako Gor Mahia ichezapo watu humiminika uwanjani kama siafu. Akielekea mashariki hadi Ahero, barabara hugawanyika: moja yashika njia ya Awasi na nchi ya miwa ya Chemelil na Muhoroni, nyingine yapita Kisii mpaka Awendo, penye kiwanda cha sukari cha Sony. Mkaaji wa Nyamasaria yu katikati ya timu ya mataji na timu za viwanda, wala si ajabu kwamba ubishi wa ligi hapa hauishi upesi.

Ubishi wenyewe ni huu: je, jambo kubwa katika ligi ni nani achukuaye ubingwa, au ni nani ashukaye daraja?

Wale wa juu

Wafuasi wa Gor Mahia hawaoni kwamba swali hilo lahitaji jibu. Timu yao ilianzishwa mwaka 1968 kwa kuunganishwa Luo Union na Luo Stars, na mwaka ule ule ikatwaa ubingwa wa Kenya. Mwaka 1987 ililiteka Kombe la Washindi la Afrika, ilipotoka sare na Esperance ya Tunisia mabao 2-2 mjini Tunis, kisha 1-1 mjini Nairobi, na kushinda kwa mabao ya ugenini. Wazee husimulia habari hiyo kana kwamba ni ya juzi.

Tena wafuasi hao wanajua njaa ya ubingwa ilivyo. Baada ya mwaka 1995 Gor Mahia ilikaa miaka 18 bila taji la ligi. Mwaka 2012 ililikosa siku ya mwisho ya msimu, Tusker ikalichukua. Ilipofika mwaka 2013 ndipo kiu ilipokatika. Mtu aliyengoja miaka hiyo yote hawezi kuambiwa kwamba ubingwa ni jambo dogo.

Wale wa chini

Lakini upande wa pili wa ubishi nao una hoja zake, na hoja iliyo nzito kupita zote ni msimu wa 2019-20. Katika msimu ule mmoja watu wa pwani ya ziwa walikuwa na timu kileleni na timu mkiani.

Msimu ulianza kwa taabu. Mwezi wa Agosti 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikiifadhili ligi pamoja na Gor Mahia na AFC Leopards, ilijitoa. Fedha zikawa haba kila mahali. Timu za sukari zilikuwa na shida yao zaidi, kwa maana zilitegemea viwanda, navyo viwanda vyenyewe vilikuwa vimelemewa na madeni. Kiwanda kikikosa fedha ya kumlipa mkulima wa miwa, itapatikana wapi nauli ya kuwapeleka wachezaji ugenini?

Sony Sugar ilishindwa kufika katika michezo mitatu, na kwa sheria ya ligi ikafukuzwa kabla mwaka 2019 haujaisha. Matokeo yake yote yakafutwa, ligi ikabaki na timu 17. Nayo timu hiyo haikuwa ya kubahatisha: mwaka 2006 ilikuwa bingwa wa Kenya. Chemelil Sugar ilikuwa ya mwisho katika msimamo. Kisumu All Stars, iliyopanda daraja mwaka 2019 tu, nayo ilikuwa ikihangaika karibu na mkia.

Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ukausimamisha mchezo. Mwisho wa Aprili shirikisho la mpira likatangaza kwamba ligi imekwisha: Gor Mahia, iliyokuwa ikiongoza mbele ya Kakamega Homeboyz, ikapewa ubingwa, Chemelil ikashushwa. Kampuni iliyoiendesha ligi iliupinga uamuzi huo, nao ubishi ukahamia mezani kwa wanasheria. Baadaye mwaka huo Kisumu All Stars ilicheza michezo ya mchujo na Vihiga United, ikashindwa, ikashuka.

Basi katika mwaka mmoja pwani ya ziwa ilisherehekea ubingwa mmoja na kupoteza timu tatu katika ligi kuu.

Hoja kwa hoja

Penye ubishi wa namna hii, kijana mwenye fulana ya kijani humwambia mzee, “Jaduong’, sheria ni sheria. Asiyefika uwanjani amejishusha mwenyewe.” Hoja hiyo ina nguvu. Timu iliyojiandaa, ikakusanya watazamaji, kisha ikakosa mtu wa kucheza naye, imedhulumiwa; na ligi isiyotimiza sheria zake huwa mchezo wa watoto.

Mzee naye hujibu, “Mwanangu, aliyeshindwa kulipa nauli si yule aliyefunga viatu akangoja gari.” Neno hili nalo ni la kweli. Mchezaji hana sahihi katika daftari la benki la kiwanda. Timu ikifa, mwenye jina kubwa hununuliwa na timu nyingine, bali kijana wa Awendo au Chemelil aliyetazamia kuonekana karibu na kwao huambiwa aende Nairobi akabahatishe.

Hapo ndipo hesabu ya wale wa chini inapotofautiana na ya wale wa juu. Ushindi huleta pointi tatu na sare huleta moja, kwa timu zote sawasawa. Lakini pointi moja kileleni huleta shangwe, na pointi moja mkiani huweza kuokoa mshahara wa mpishi, dereva na mfua jezi. Isitoshe, bingwa hawezi kupatikana pasipo wa kushindana naye. Mti hausimami kwa matawi peke yake.

Kushuka si kufa

Ushahidi wa kwamba timu iliyoshuka yaweza kuinuka hauko mbali. AFC Leopards, pamoja na mataji yake mengi, ilipata kutoka katika ligi kuu, ikarudi mwaka 2009. Shabana ya Kisii, iliyoshuka mwaka 2006, ilirudi mwaka 2023 baada ya miaka 17. Katika miaka hiyo yote Shabana haikuwa na taji la ligi kuu la kuonyesha. Ilikuwa na watu wasioona haya kuitazama ikicheza katika madaraja ya chini.

Somo hili lawahusu hata wafuasi wa bingwa. Ubingwa nao huhama: Gor Mahia iliuchukua mwaka 2023 na 2024, na mwaka 2025 ukaenda kwa Kenya Police kwa mara ya kwanza. Wingi wa wafuasi ndio nguvu ya Gor Mahia siku za dhiki, kwa kuwa kila mlangoni palipo na foleni ya watu, pana fedha. Timu ndogo haina foleni hiyo. Mtu wa Nyamasaria apandaye gari kwenda kuishangilia timu ya kijani, kisha asiweze kutaja uwanja inapochezea timu ndogo iliyo karibu naye, asishangae msimamo wa ligi utakapotoka gazetini na jina la jirani yake halimo.