Kitanzi Kikuu cha Programu ya Uigaji Sambamba

Programu ya uigaji wa matukio huiga shughuli za mfumo, kama vile mtandao wa simu au viwanja vya ndege, kwa kuruka kutoka tukio moja hadi jingine, huku kila tukio likipewa muhuri wa wakati, yaani saa ambayo lingetokea katika ulimwengu unaoigwa. Penye prosesa moja kazi ni nyepesi: huchukuliwa foleni­ni tukio lenye muhuri wa mapema zaidi, hutekelezwa, matukio yanayozaliwa nalo huingizwa foleni­ni, kisha mzunguko huanza upya. Mzunguko huo ndio kitanzi kikuu, na ugumu wake huanza pale kazi inapogawiwa prosesa nyingi, kila moja na foleni yake na saa yake. Prosesa inayoiga uwanja mmoja ikiwa imekwisha kufika saa sita mchana, kisha ikapokea ujumbe kwamba ndege ilitua hapo saa tano na nusu, basi njia ya kutulia ndege iliyohesabiwa kuwa tupu haikuwa tupu, na hesabu zote zilizoitegemea ni batili.

Watafiti Chandy na Misra, na Bryant kwa upande wake, walichagua tahadhari mwishoni mwa miaka ya 1970: prosesa isubiri mpaka ihakikishe kwamba hakuna tukio la mapema zaidi litakaloijia. Mwaka 1985 David Jefferson alichapisha njia ya kijasiri zaidi, Time Warp, ambayo huiacha kila prosesa isonge mbele, na ikigundua kosa irudi nyuma, itengue ilichokifanya na kutuma ujumbe kinzani wa kufuta ule uliotumwa kimakosa.

Katika ROSS, programu ya aina hiyo iliyoendelezwa katika chuo cha Rensselaer, Marekani, kitanzi husoma kwanza ujumbe ulioingia, hushughulikia uliochelewa na ule wa kufuta, ndipo hutekeleza fungu la matukio. Mara kwa mara prosesa zote hukokotoa wakati wa pamoja, yaani muhuri wa chini kabisa kati ya kazi zote zilizobaki, pamoja na ujumbe ambao bado uko njiani. Na huo wa njiani ndio mtego hasa, kwa kuwa ukisahaulika hesabu yote huharibika kimyakimya. Kwa kuwa hakuna prosesa itakayorudi nyuma ya wakati huo, kumbukumbu za kabla yake hufutwa na matokeo huweza kuchapishwa.

Ufundi wa mbunifu umo katika kupima ukubwa wa fungu na marudio ya hesabu hiyo: fungu likizidi ukubwa, kurudi nyuma huongezeka; wakati wa pamoja ukikokotolewa kwa nadra, kumbukumbu hujaa; ukikokotolewa kupita kiasi, prosesa huishia kusubiriana. Vipimo vilipolingana, mwaka 2013, kompyuta ya Sequoia ya maabara ya Lawrence Livermore, ikiunganishwa na kompyuta nyingine ya maabara hiyo na kutumia viini 1,966,080, ilitekeleza kwa ROSS matukio bilioni 504 kwa sekunde katika kielelezo cha majaribio.