Minyoo ya Paka: Usimufukuze, Umutibu

Je, una paka nyumbani mwako? Ni vema. Usiku sisi tunalala, lakini yeye anafukuza panya wanaokula mahindi na mihogo yetu. Lakini paka naye anapata magonjwa, na minyoo ya tumbo inamupata mara nyingi.

Mama mumoja aliona kitu kama punje ya muchele kwenye mukeka, pale paka wake alipolala. Punje ile ilikuwa inatembea! Mama akaogopa sana kwa ajili ya mutoto wake anayetambaa. Mume wake akasema: «Paka huyu nitamutupa porini.» Mama akajibu: «Hapana, Baba. Ukimutupa, panya watarudi. Kwanza tuulize kwa munganga wa wanyama.» Mama yule alisema neno la akili.

Ujue minyoo hii

Minyoo ya kwanza ni mirefu na myeupe kama uzi munene. Inaweza kufika sentimeta 10. Tumbo la paka mudogo linavimba kama ngoma, lakini mugongo wake unakonda. Pengine anatapika munyoo. Watoto wa paka wanaipata katika maziwa ya mama yao. Paka mukubwa anaipata kwa kula panya, ao kwa kumeza mayai ya minyoo yaliyo katika udongo.

Wa pili ni tegu, munyoo mupana kama utepe. Vipande vyake ndivyo punje zile za muchele. Kiroboto anabeba mutoto wa tegu ndani yake. Paka anajilamba, anameza kiroboto, na tegu anakua tumboni. Kuna tegu mwingine anayetoka katika panya.

Ya tatu ni safura, minyoo midogo inayonyonya damu. Ufizi wa paka unakuwa mweupe, naye anakosa nguvu.

Hatari kwa mutoto

Mayai ya minyoo ile mirefu yanatoka pamoja na mavi ya paka. Siku ile hayana hatari bado. Yanakomaa katika udongo kwa muda wa majuma 2 ao zaidi, kisha yanaweza kukaa pale miaka. Mutoto anacheza katika muchanga, anatia mukono kinywani, anameza mayai. Munyoo mudogo unatembea katika mwili wake, unafika katika ini, na pengine unaingia katika jicho na kuharibu macho yake.

Basi ondoa mavi ya paka kila siku na kuyatupa katika choo cha shimo. Nawa mikono kwa sabuni, na umufundishe mutoto kunawa mbele ya kula.

Namna ya kumupa dawa

Kwanza umupime paka. Mama yule alipanda juu ya mizani pamoja na paka: kilo 58. Akapanda peke yake: kilo 55. Basi paka alikuwa na kilo 3.

Dawa ya tegu ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo. Paka wa kilo 3 anapata miligramu 15 tu. Kidonge cha watu cha bilharzia kina miligramu 600. Kidonge kimoja kingetosha paka 40! Kwa hiyo usikate kipande kwa kukisia. Munganga ndiye atakayekupimia. Kwa minyoo mirefu na safura atatoa dawa nyingine, kama piranteli.

Watoto wa paka waanze kupewa dawa ya minyoo mirefu wakiwa na majuma 3. Uwape tena kila majuma 2, hata yapite majuma 2 tangu walipoacha kunyonya. Kisha kila mwezi hata miezi 6. Mama yao apewe pamoja nao. Paka mukubwa apewe mara 4 kwa mwaka. Kwa nini kurudia? Dawa inaua minyoo ya tumboni, lakini minyoo michanga iliyojificha katika nyama ya mwili inabaki, nayo inakuja nyuma.

Usifanye hivi

Usimupe paka petroli wala tumbaku. Usimupe parasetamoli, inamuua. Usimupake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini. Nayo inaua paka.

Lakini viroboto lazima waondoke, ao tegu atarudi upesi. Uulize dawa iliyo ya paka. Fagia nyumba, fua nguo anazolalia, anika mukeka juani.

Mama yule alifanya maneno haya yote. Paka wake angali analinda mahindi, na mutoto anatambaa juu ya mukeka safi. Wewe nawe, leo angalia mahali paka wako anapolala. Ukiona punje inayotembea, usimufukuze. Umutibu.