Barafu ya Sydney Katika Majira ya Kusi

Msomaji wa pwani yetu akiambiwa kwamba katika jiji la Sydney, ambalo sifa yake kubwa ulimwenguni ni fukwe na jua, kuna vilabu vya mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na kwamba ukumbi wa barafu wa Glaciarium ulifunguliwa huko tangu mwaka 1907, si mbali na stesheni kuu ya reli, hana budi kustaajabu; walakini la ajabu zaidi, kwa maoni yangu, ni kalenda ya mchezo huo.

Ligi ya Australia, iliyoasisiwa mwaka 2000, huanza mnamo Aprili na kumalizika Agosti au Septemba, miezi ile ile ambayo kwetu huvuma kusi na kwao ni kipupwe. Ilhali NHL, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, hufungua pazia Oktoba na kutoa bingwa wake mwezi wa Juni. Basi wachezaji wa vilabu vidogo vya Kanada na Marekani, ambao kazi yao hukatika Aprili, hufunga safari kama manahodha wa majahazi waliokuwa wakifuata upepo, wakaja kuzichezea Sydney Bears na Sydney Ice Dogs. Kanuni za ligi zimeweka mpaka wa idadi ya wageni, na ni haki, kwani bila hivyo mwenyeji angebaki mtazamaji.

Asidhani mtu kwamba hii ni kazi ya mishahara minono. Mgeni aghalabu hupatiwa nauli na malazi. Mwenyeji hana ujira wa kutajika, na siku za kazi huenda kwenye shughuli yake ya riziki kama jirani zake. Ndiyo maana mechi huchezwa mwisho wa juma, na klabu ya Sydney inayokwenda kukabiliana na Perth Thunder hukata masafa ya zaidi ya kilomita 3,200, ikacheza, ikarudi, na Jumatatu watu wako kazini. Msimu mzima wa kawaida haufiki mechi 30, hali NHL kwa miaka mingi imecheza 82.

Amma mtawala hasa wa msimu ni barafu yenyewe. Uwanja wa Macquarie, uliopo tangu 1981, umo ndani ya jengo la maduka huko Macquarie Park, na barafu hiyo moja hugombewa na watoto wanaojifunza, wacheza dansi wa barafuni na umma uliolipa kiingilio, hata timu ikabakiwa na saa za usiku kufanya mazoezi. Chini ya sakafu hupita mabomba ya kimiminika baridi sana, na juu yake tabaka la barafu la sentimita chache tu, ambalo makali ya viatu hulichana kila dakika. Baada ya kila kipindi hupita gari lenye wembe mpana, likiparua mikwaruzo na kumwaga maji ya moto. Naam, ya moto, kwa kuwa hayo huyeyusha kidogo uso uliochakaa na kushikamana nao kabla ya kuganda.

Katika mazingira haya ya dhiki alikulia Nathan Walker, mzaliwa wa Cardiff aliyeletwa Sydney angali mdogo. Alipotimu miaka 13 alihamia Ucheki kutafuta barafu ya kutosha, na Oktoba 2017, akiwa na Washington Capitals, akawa mchezaji wa kwanza aliyelelewa Australia kuingia NHL, akafunga bao siku hiyo hiyo. Mimi humwona kuwa ushahidi wa upungufu wa Sydney kama alivyo ushahidi wa uwezo wake.

Bingwa hutunukiwa Kombe la Goodall, ambalo historia yake huhesabiwa tangu 1909, wakati majimbo yaliposhindana. Sydney Bears walilitwaa mwaka 2019, kisha maradhi ya korona yakaifuta misimu miwili iliyofuata. Kwa miaka mingi timu nne za juu zilikuwa zikikutanishwa katika mwisho wa juma mmoja, nusu fainali Jumamosi na fainali Jumapili, utaratibu ambao naona uliidhulumu timu iliyoongoza tangu Aprili. Na kabla Septemba haijaisha, wageni wamekwisha kupanda ndege kurejea kwao, ambako mazoezi ya msimu mwingine yanaanza.